Milima Si Pazia

Mwanafunzi wa sanaa aliyezaliwa Nkwenda au Nyaishozi, akafikishwa na masomo hadi Dar es Salaam au Bagamoyo, hurudi kwao likizo na kazi ya darasani mkononi: apange na kutafiti video ya wimbo mmoja, kisha aipige. Akiwa kijana wa zama zake, huenda akachagua roki. Si ile ya viwanja vikubwa, bali roki ya kujitegemea, ya vijana watatu wanne wanaojirekodia chumbani bila ya kampuni kubwa kuwashika mkono. Hapo hapana ubaya wowote. Ubaya huanza anapofungua daftari. Ukurasa wa kwanza una orodha ya video za Wamarekani na Waingereza alizozitazama. Wa pili una kamera ya kuazima, taa mbili, na jina la rafiki mwenye droni. Wa tatu una mahali: vilima vya Karagwe vikiwa na ukungu wa asubuhi, migomba, barabara ya udongo mwekundu, ng'ombe wa pembe ndefu, mto Kagera kwa mbali. Wa nne una bei ya mafuta ya pikipiki. Hapo daftari limekwisha. Maneno ya wimbo hayamo. Lugha ya wanaoishi katika vilima hivyo haimo. Mzee aliyeulizwa jambo hayumo.

Daftari hilo ndilo linaloitwa utafiti, na ndilo linalotiwa alama. Lakini kuorodhesha vitu si kutafiti, na kuchagua mandhari si kupanga. Aliyefanya hivyo amefanya kazi ya mpambaji wa harusi: ametundika pazia. Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, zimefanywa kitambaa cha nyuma, na mbele yake umesimamishwa wimbo ambao ungeweza kuimbiwa popote duniani.

Anayedhani kwamba lawama hii ni kubwa kuliko kosa lenyewe na akumbuke kuwa Karagwe imekwisha kutendwa hivi, na si jana. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walianza safari yao Unguja. Grant alikuwa na kamera, na picha alizozipiga mjini mwaka huo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kisiwa hiki. Bara kamera ilimshinda. Akaiweka, akashika penseli na rangi. Novemba 1861 wakaingia Karagwe, kwa Mukama Rumanyika. Januari iliyofuata Speke akaelekea Buganda. Grant, mguu wake ukiwa umeoza kwa kidonda, akabaki hadi Aprili, akichora. Na Speke alifanya nini kabla ya kuondoka? Alichukua kipimo akampima shemeji yake mfalme, bibi aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, mkono inchi kadhaa, paja inchi kadhaa, kisha akayatia yote katika kitabu chake cha mwaka 1863. Wasomaji wa London wakaujua mzingo wa mkono wa bibi yule kabla ya kujua neno moja la lugha yake. Speke hakuwa mtu asiyeona; macho alikuwa nayo, na kalamu pia. Alichokosa ni shauku ya kusikia. Baina ya kipimo kile na droni ya leo tofauti ni ya mtambo tu, na aibu ya leo imezidi kwa kuwa anayeirusha droni ni mjukuu wa mahali hapo.

Wala watu wa pwani wasikae pembeni wakitikisa kichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Kagera, aliishika nchi nzima kwa wimbo wake "Maria Salome". Uliimbwa Kihaya, ndugu wa karibu wa Runyambo ya Karagwe na Kyerwa. Ulipigwa harusini, katika mabasi, katika vibanda vya kaseti kutoka Bukoba hadi Darajani. Na wasikilizaji wakafanya nini? Wakadaka maneno machache ya Kiswahili yaliyomo, wakaubatiza wimbo "Chambua kama Karanga", na Kihaya chote kilichobaki wakakipokea kama upatu: kinalia vizuri, hakina maana. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuvika wimbo huo nguo mpya wakauita "Salome", na mwaka 2017 mwenyewe Saida akarudi masikioni kwa "Orugambo". Katika miaka yote hiyo watu ambao hukesha wakibishania kina kimoja cha Muyaka, watu ambao hawamsamehe malenga aliyepunguza mizani moja, hawakupata usiku hata mmoja wa kuuliza yule binti alikuwa anasema nini. Walimpenda sana. Hawakumsoma.

Kwa nini basi mwanafunzi alaumiwe zaidi kuliko wasikilizaji? Kwa sababu yeye ana kitu ambacho wasikilizaji hawana. Ana bibi yake Kyerwa. Ana nafasi ya miezi miwili. Ana chombo cha kurekodi mfukoni. Na ana wajibu wa darasa unaompa haki ya kuuliza maswali ambayo mtu mwingine akiyauliza ataonekana mpelelezi.

Kuna ala huko inayoitwa enanga, na Kiswahili huiita nanga. Msomaji wa visiwani asianze kutafuta mnyororo: nanga hii haishikilii chombo. Ni gogo lililochongwa likawa kama sinia refu lenye kina, na uzi mmoja ukapitishwa huku na huko juu yake mpaka ukawa nyuzi 7 au 8. Mpigaji huketi, akaiegemeza ala, akapiga na kuimba mwenyewe, habari za mashujaa, za wafalme, za mapenzi yaliyokwenda kombo. Mugyabuso Mulokozi, katika tasnifu yake ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, alionyesha kwamba nyimbo ndefu za nanga za Wahaya, kama ile ya Rukiza na ile ya Kachwenyanja, ni tendi kamili, zinazotungwa na kutungwa upya kila zinapoimbwa mbele ya watu. Na huyo ndiye Mulokozi aliyewahariria watu wa pwani "Tenzi Tatu za Kale" mwaka 1999, akawarudishia Liyongo, Mwana Kupona na Al-Inkishafi katika juzuu moja yenye maelezo. Mtu wa ziwani aliwasomea watu wa bahari tendi zao kwa uangalifu wa kiwango hicho. Deni hilo bado halijalipwa.

Nanga ilikuwa na baraza. Wafalme wa Karagwe na wa nchi za jirani walikuwa na watu wao wa kuwaimbia na, kwa werevu, wa kuwasema. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Baraza likavunjika, na mpigaji akabaki na ala yake bila ya kiti. Shule zikafundisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Runyambo haikupata kipindi. Sarufi ya Runyambo iliyoandikwa na Josephat Rugemalira ikachapwa mwaka 2005, kwa Kiingereza, na ni kazi ya kustahiwa. Lakini sarufi huhifadhi mifupa. Sauti ya mzee anayevuta pumzi kabla ya jina la shujaa haimo katika sarufi yoyote. Imo kifuani mwake, na kifua kina siku zake.

Hapa ndipo msema roki anapoingia na hoja yake: ati nanga ni mambo ya kale, roki ni mambo mengine, na mwanafunzi asilazimishwe kugeuza wimbo wake kuwa makumbusho. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Hakuna mwenye akili anayemtaka kijana aache gitaa la umeme. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakipiga roki yenye asili ya Kiafrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bendi ya Sunburst iliacha santuri yake "Ave Africa" ya mwaka 1976 kama shahidi. Kudai kwamba gitaa ni mgeni katika nchi hii baada ya hapo ni kutojua. Na asidanganywe mtu, kwa upande mwingine, kwamba nanga ni gitaa la mababu. Si kweli, na wanaosema hivyo kwa nia njema huidhulumu nanga na gitaa pia. Katika nanga mpigo humfuata msemaji: sentensi ikirefuka, mpigo hungoja. Katika bendi ya roki ngoma imekwisha kukata kitambaa, na maneno hayana budi kushonwa kwa kipimo hicho. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na hapo ndipo daftari la mwanafunzi lilipopaswa kuanzia.

Runyambo, kama ilivyo kwa jamaa zake wa magharibi ya ziwa, ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka mahali pasipo pake, neno huweza kupotea. Kiswahili kiliziacha toni zamani, ndiyo maana mtu wa pwani huweza kukitia Kiswahili katika lahani yoyote ya Misri au ya India na bado akaeleweka. Mtunzi wa Kyerwa hana anasa hiyo. Akichukua lahani aliyoipenda katika video ya Manchester akaimwagia maneno ya bibi yake, bibi mwenyewe anaweza kusikiliza hadi mwisho akauliza ni lugha gani. Huo ni utafiti ambao hakuna droni inayoweza kuufanya: kukaa na wimbo, ubeti kwa ubeti, mbele ya mtu anayeijua lugha kuliko wewe, na kukubali kusahihishwa.

Na akiimba kwa Runyambo, ataisikilizisha nchi vipi? Kwa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Watengenezaji wa video za nyimbo huliona jambo hili kama chapa ya mwishoni, kitu cha kumpa rafiki anayejua kompyuta. Kumbe ndilo linalopaswa kuamua umbo la video nzima. Mstari mmoja wa tafsiri huhitaji sekunde tatu, nne, pengine sita, ili usomwe na mtu asiye na haraka. Video za kigeni zilizojaza ukurasa wa kwanza wa daftari hubadilisha picha kila sekunde moja au chini yake, mtazamaji akisoma, haoni, akiona, hasomi. Kwa hiyo anayetaka maneno yasikike lazima aitulize picha. Achague sura moja aikazie macho kwa urefu wa mshororo. Mpango wa picha utoke katika mizani ya shairi, na si shairi lipunguzwe lipate kuenea katika mpango wa picha. Hili ni jambo ambalo wapenzi wa ushairi walipaswa kuwaambia wanafunzi wa filamu siku nyingi, badala ya kulalamika kwamba vijana hawasomi.

Nayo tafsiri si muhtasari. Kuna tabia mbaya ya kuandika chini ya picha, "anamsifu mpenzi wake", wakati mwimbaji ametaja ng'ombe wa rangi fulani, mto fulani na jina la ukoo. Anayefanya hivyo anarudia kosa la wale walioubatiza wimbo wa Saida kwa maneno waliyoyajua. Ng'ombe akitajwa, aandikwe. Mto ukitajwa, uandikwe. Mtazamaji wa Wete asipoelewa mara ya kwanza atarudia, kama anavyorudia ubeti wa kale usiomfungukia.

Yapo maneno yanayosemwa na kila mwanafunzi: hana pesa. Kweli hana. Lakini historia ya sanaa hii haimsaidii kujitetea. Video iliyoibadilisha biashara ya muziki wa Waingereza, ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, iliongozwa na Bruce Gowers na kupigwa kwa muda wa saa chache tu, kwa sababu bendi ya Queen ilikuwa njiani kwenda ziarani na ilihitaji kitu cha kuonyeshwa katika televisheni. Na utafiti wake mkubwa ulikuwa nini? Waliitazama picha yao wenyewe ya jalada la santuri ya mwaka 1974, nyuso nne gizani, wakaanzia hapo. Mmoja wa nyuso hizo alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Visiwani watalii huonyeshwa nyumba, ila hakuna anayeonyeshwa somo. Mwaka 2006 Wamarekani wa OK Go, bendi ya roki hasa ya aina ambayo mwanafunzi wetu anaihusudu, walipiga "Here It Goes Again" kwa mashine 8 za kukimbilia, kamera moja isiyosogea na picha moja isiyokatwa. Gharama kubwa ilikuwa mazoezi.

Mfano wa karibu zaidi uko Nairobi. Vijana wa Just A Band walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2010 walitoa video ya wimbo wao "Ha-He", na mhusika wake Makmende akatapakaa duniani kwa wiki chache. Waliokimbilia kuiga waliiga nywele, miwani na mapigano ya sinema za miaka ya 1970. Hawakuona chimbuko. Makmende lilikuwa neno la watoto wa mitaani Nairobi, la kumkejeli anayejifanya shujaa, na inaaminika lilizaliwa kwa watoto kuyasikia vibaya maneno ya Kiingereza ya Clint Eastwood katika filamu. Video nzima ilijengwa juu ya neno moja ambalo kila mtu wa rika lile alilikumbuka na hakuna aliyelithamini. Huo ni utafiti wa lugha, na uliwashinda wenye kamera ghali. Je, Kayanga haina neno kama hilo? Omurushaka gulioni haina? Murongo, pale mpakani, ambako Runyambo na lugha za Waganda wa upande wa pili husikilizana bila ya mkalimani, hapana neno lililovuka daraja likageuka maana?

Ipo pia kazi ya makaratasi, na wanaoidharau huipata mbele. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha. Mapori ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa mwaka 2019. Anayetaka swala wake katika wimbo ajiandae kuomba ruhusa na kulipa. Droni nayo ina vibali vyake. Yote haya huandikwa katika madaftari ya wanafunzi, kwa sababu yana adhabu. Jambo lisiloandikwa ni lile la Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi. Mpigo wa nanga aliourekodi mwanafunzi kwa mzee, akautia nyuma ya gitaa lake, una wenyewe. Mzee alipwe, jina lake liandikwe mahali linaposomeka, na aulizwe kama anakubali. Na hapo yaachwe kabisa yale mazoea ya kumvisha mzee vazi la gome la mti ambalo hajalivaa maishani mwake, akae sekunde tatu mbele ya kamera, apotee. Mzee wa Kyerwa huvaa koti. Apigwe na koti lake.

Lawama kubwa, hata hivyo, ni ya wanaotia alama. Mwanafunzi huandika kile kinachohesabiwa. Akijua kwamba alama zimo katika ubora wa picha na mfanano wake na video za ng'ambo, atakwenda kutafuta lenzi. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali, na sanaa imo. Itakuwa hasara kubwa ikiwa tabia za vyuo zitateremshwa hadi sekondari kabla hazijatazamwa. Daftari la utafiti lisilo na ubeti mmoja ulioandikwa kwa lugha ulimotoka, ukatafsiriwa, ukaandikiwa maelezo, lirudishwe kwa mwenyewe. Saa moja ya sauti ya mpiga nanga, iliyorekodiwa vizuri, ikawekwa nakala chuoni na nakala nyingine ikabaki Karagwe mikononi mwa watu wake, ihesabiwe kuwa kazi kamili, hata kama video iliyofuata ilitoka giza. Video mbaya husahaulika kabla ya muhula kwisha. Saa ile haitapatikana tena.

Likizo ndefu ya vyuo huanguka katika kiangazi, na huo ndio msimu wa kahawa. Mchana kila mkono uko shambani au mkekani ukianika. Hakuna mzee atakayeacha matunda yaote ukungu kwa ajili ya wimbo, na kijana anayefika saa nne asubuhi na kamera begani atapewa mfuko achume. Aupokee, achume. Jioni, kahawa ikishakusanywa na moto ukiwashwa, watu hukaa. Hapo aketi, asiende mikono mitupu, aulizie nani katika kijiji bado ana nanga yenye nyuzi zake, na kamera ibaki mkobani mpaka siku ya tatu.